Kolamu ya kutenganisha haidrokaboni: anza na jozi inayokusumbua, urefu baadaye

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi katika maabara ya kupima mafuta. Tuna koromatografu moja ya gesi yenye kigunduzi cha mwali na kolamu moja tu: mita 30, kipenyo cha ndani 0.25 mm, utando wa 0.25 µm, awamu (ile dutu iliyopakwa ndani ya mrija kama utando) ya methaili yenye asilimia 5 ya fenaili. Napima nafta, petroli na mara nyingine dizeli. Mwanzoni mwa koromatogramu vilele vimerundikana, zaileni mbili hazitengani kabisa, na dizeli inatoka kama kilima kimoja chenye miiba juu. Muuzaji ananishauri ninunue kolamu ya mita 100. Mwenzangu kazini anasema shida ni awamu, nichukue ya polietilini glaikoli. Bajeti inaruhusu kolamu moja, labda mbili. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. Ulichonieleza ni matatizo matatu yaliyokutana ndani ya kolamu moja. Msongamano wa mwanzoni ni tatizo la utando na halijoto. Zaileni zilizoshikana ni tatizo la awamu. Kilima cha dizeli hakivunjwi na kolamu yoyote ya gesi ikiwa peke yake, hata uipe urefu gani. Ukinunua kabla ya kuyatofautisha haya, utalipia dawa ya ugonjwa mmoja ukitarajia iponye matatu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua katalogi, chukua ripoti yako ya upimaji uone inataja nini hasa. Je, ni asilimia ya benzeni? Ni zaileni moja moja? Ni jumla ya alkani, naftini (alkani za pete) na aromatiki (zenye pete ya benzeni)? Au ni mgawanyo wa viwango vya kuchemka? Orodha hiyo ndiyo inayochagua kolamu. Atakayekuambia kuna kolamu inayotenganisha kila kitu kwenye petroli hajaihesabu petroli yenyewe.

Hebu tuihesabu. Oktani, C8H18, ina isoma 18 za muundo, yaani molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti. Dekani ina 75. Ukifika kaboni 15 unakuta isoma 4,347, na kwenye kaboni 20 zimepita 366,000. Hizo ni alkani peke yake. Hujagusa naftini, alkeni wala aromatiki. Si zote zinazopatikana kwenye mafuta kwa kiasi cha kuonekana, lakini zinazopatikana zinatosha kumshinda mtu. Mwaka 1983 Joe Davis na Calvin Giddings walionyesha kwa hesabu za uwezekano kwamba vilele vikijipanga bila mpangilio maalumu, vile vyenye kitu kimoja tu kwa wastani havizidi kama asilimia 18 ya nafasi zote ambazo kolamu inazo. Kolamu yenye nafasi ya vilele 1,000 itakupa vilele safi kama 184, na hapo uwe umeipa sampuli yenye vitu 500 tu. Nakuomba uikumbuke hesabu hii kila unapoona koromatogramu ya petroli iliyopendeza macho: kilele chembamba na kilichosimama wima bado kinaweza kuwa na vitu viwili au vitatu ndani yake.

Sasa twende kwenye ushauri wa muuzaji. Utengano hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu. Ukirefusha kolamu mara mbili, utengano unaongezeka mara 1.4 tu, huku muda wa kusubiri ukiongezeka angalau mara mbili kama halijoto haibadiliki. Awamu haiendi hivyo. Tuchukue vitu viwili ambavyo awamu inavishika kwa uwiano wa 1.01, yaani kimoja kinashikwa asilimia moja zaidi ya kingine. Ili vitengane hadi chini kabisa, kwa kushikwa kwa kiasi cha kawaida, unahitaji sahani za kinadharia (kipimo cha uwezo wa kolamu kutenganisha) kama 529,000. Kolamu ya kipenyo cha 0.25 mm hutoa takriban sahani 4,000 kwa kila mita ikiwa inaendeshwa vizuri, kwa hiyo hapo unazungumzia mita 132. Uwiano ukipanda kufika 1.02, mita 34 zinatosha. Ukifika 1.05, mita 6. Uwiano ukiwa 1.00 kamili, hakuna urefu utakaokusaidia.

Zaileni zako ziko jirani kabisa na hiyo 1.00. Para-zaileni huchemka kwenye 138.4 °C na meta-zaileni kwenye 139.1 °C. Awamu ya methaili, iwe tupu au yenye asilimia 5 ya fenaili, hupanga haidrokaboni karibu sawasawa na viwango vyao vya kuchemka, na tofauti ya nyuzi 0.7 ni ndogo mno kwake. Ndiyo maana unaona vilele vitatu kwa vitu vinne: ethilibenzeni (136.2 °C) peke yake, kisha meta na para ndani ya kilele kimoja kinene, halafu ortho (144.4 °C) imejitenga vizuri. Spektrometa ya masi nayo haitakuokoa hapa, kwa sababu isoma hizi hupasuka kwa namna moja na zote mbili hutoa ioni kubwa ya 91. Kitu kisichotenganishwa na kolamu hubaki kimeshikana hadi kwenye ripoti.

Mwenzako yuko sahihi hapo. Polietilini glaikoli ni awamu ya polari, na wingu la elektroni la pete ya aromatiki huvutwa nayo kwa nguvu ambayo alkani haina. Kwenye awamu hiyo zaileni hutoka kwa mpangilio huu: ethilibenzeni, para, meta, kisha ortho, na kolamu ya mita 60 huzitenganisha bila taabu. Faida kubwa zaidi ni benzeni. Inachemka kwenye 80.1 °C, lakini kwenye polietilini glaikoli inashikwa hadi inatoka baada ya n-nonani inayochemka kwenye 151 °C. Alkani na naftini zote nyepesi zilizokuwa zinaizunguka huwa zimeshapita. Ukitaka nguvu zaidi ya hapo kuna awamu inayojulikana kwa kifupi TCEP, yenye makundi matatu ya siano, ambayo huzivuta aromatiki hata zaidi. Imetumika miaka mingi kupima benzeni na oksijenati (viungo vyenye oksijeni) ndani ya petroli, ila haistahimili joto, kwa hiyo mara nyingi huwekwa kama kolamu ya kwanza ya kuchuja tu.

Basi kwa nini nisikuambie ununue polietilini glaikoli na tumalize? Kwa sababu kile inachozipa aromatiki inazinyima alkani. Alkani na naftini za kaboni 4 hadi 8 hazishikwi vya kutosha, zinatoka zimebanana mwanzoni, na nafta yako ni hizo hasa. Zaidi ya hayo awamu hii ina kikomo cha chini. Ukiipoza kupita kiasi inaganda, vitu havipenyi tena ndani ya utando, na vilele vinapanuka vibaya. Huwezi kuianzisha kwenye nyuzi sifuri kama awamu ya methaili. Juu nako haipendi kupita takriban 250 °C, na oksijeni kidogo kwenye gesi ya kubebea inaiharibu upesi.

Kwa nafta na petroli nzima, ambapo unataka jedwali refu la vitu kimoja kimoja, muuzaji naye ana hoja. Mbinu ya D6729 ya ASTM, shirika la viwango vya upimaji, hutumia kolamu ya mita 100, kipenyo cha 0.25 mm, utando wa 0.5 µm, awamu ya methaili tupu, na oveni huanza kwenye 0 °C. Urefu huo una kazi hapo kwa sababu kuna jozi nyingi sana zenye uwiano wa 1.01 au 1.02, na hakuna awamu moja itakayozipendelea zote kwa pamoja. Awamu ya methaili ndiyo inayotabirika kuliko zote: inafuata kiwango cha kuchemka, inadumu, na majedwali ya namba za Kováts (zinazoonyesha kila kitu kinatoka wapi kati ya n-alkani) ya haidrokaboni yaliyojengwa juu yake ni mengi.

Lakini hata mita 100 zina mahali zinapokwama, na mahali hapo panajulikana. Kwenye awamu ya methaili tupu, benzeni hugongana na 1-methilisaiklopenteni, na tolueni hugongana na 2,3,3-trimethilipentani. Ikiwa petroli yako imetoka kwenye mtambo wa kuvunja molekuli nzito, ina alkeni nyingi, na jozi ya kwanza itakuzidishia benzeni bila wewe kujua. Ikiwa ina alkileti nyingi (kijenzi cha petroli chenye alkani za matawi), jozi ya pili itakuzidishia tolueni. Mbinu ya ASTM D6730 inalitatua hili kwa njia ninayoipenda sana. Kabla ya kolamu ya mita 100 inaunganishwa kolamu fupi ya mita chache yenye asilimia 5 ya fenaili na utando mnene. Mpimaji anadunga mchanganyiko wa majaribio, anaangalia benzeni imekaa wapi kati ya majirani zake, anakata kipande kidogo cha ile kolamu fupi, anadunga tena. Kila anapokata, aromatiki zinarudi nyuma kidogo kuelekea zilikokuwa, mpaka benzeni na tolueni zisimame kwenye nafasi zilizo wazi. Nguvu ya awamu inapimwa kwa mkasi, sentimita kwa sentimita. Ukiielewa kazi hiyo umeelewa nusu ya somo hili: asilimia chache za fenaili, kwenye urefu mdogo, zinafanya kile ambacho mita 50 za ziada zisingefanya.

Halijoto nayo ni sehemu ya uchaguzi wa kolamu, ingawa watu huiona kama jambo la kurekebisha baadaye. Namba za Kováts za naftini na aromatiki hupanda joto linapopanda, wakati za alkani zenye matawi karibu hazisogei. Maana yake, ukibadilisha kasi ya kupandisha oveni, vitu vinapishana na mpangilio wenyewe unageuka. Aliyenakili jedwali la utambuzi kutoka maabara nyingine bila kunakili programu ya joto, na pia kasi ya gesi na unene wa utando, anayaita majirani kwa majina yasiyo yao.

Tuje kwenye utando, maana ndio unaoeleza msongamano wako wa mwanzoni. Kinachoamua ni uwiano kati ya nafasi ya gesi na ujazo wa awamu, unaopatikana kwa kugawanya kipenyo kwa unene wa utando mara nne, vyote vikiwa kwenye kipimo kimoja. Kolamu yako ya 0.25 mm na 0.25 µm ina uwiano wa 250. Ni kolamu nzuri kwa vitu vya uzito wa kati, lakini butani, pentani na heksani zinapita bila kushikwa vya kutosha, na kitu kisichoshikwa hakitenganishwi. Utando wa 0.5 µm unaushusha uwiano hadi 125, na 1.0 µm hadi 62.5. Kila ukishuka, vyepesi vinashikwa zaidi na vizito vinachelewa zaidi. Kwa hiyo utando mnene ni wa vyepesi, mwembamba ni wa vizito, na usijaribu kuziunganisha kazi hizi mbili kwenye kolamu moja. Utando mnene pia huchuruzika zaidi kwenye joto la juu, na mstari wa chini unapanda kabla sampuli haijamalizika.

Kipenyo nitakipitia haraka. Kolamu ya 0.10 mm hutoa sahani kama 10,000 kwa mita na hufupisha muda sana, ila inahitaji shinikizo kubwa na inalemewa na sampuli kidogo tu. Ya 0.53 mm inabeba sampuli nyingi lakini sahani zake ni chache. Kwa kazi yako baki kwenye 0.25 mm.

Gesi nyepesi, kuanzia methani hadi kaboni 5, hukuziuliza. Zikija, usizilazimishe kwenye kolamu za utando. Zinataka kolamu yenye tabaka la chembe za alumina iliyotulizwa kwa kloridi ya potasiamu au salfeti ya sodiamu. Inatenganisha isoma za buteni vizuri mno, ila maji yanaizima. Siku sampuli imekuja na unyevu utaona kila kitu kimeanza kutoka mapema, na itabidi uipashe hadi 200 °C ili irudi kwenye hali yake.

Sasa dizeli. Kilima unachokiona si kosa la kolamu yako. Hapo umefika kwenye kaboni 10 hadi 25, kwenye maelfu ya isoma, na miiba inayochomoza juu ni n-alkani kwa sababu ndizo nyingi na zimepangika. Pembeni ya n-C17 na n-C18 utaona pristani na fitani, na kolamu yako ya sasa inazionyesha vizuri kabisa. Kilichobaki chini yake hakitenganishwi kitu kimoja kimoja na kolamu moja, kwa hiyo badilisha swali. Ukitaka mgawanyo wa kuchemka, ASTM D2887 inakwenda hadi 538 °C kwa kolamu fupi na pana ya methaili inayolinganishwa na n-alkani hadi kaboni 44. Utengano mdogo hapo ni wa makusudi, maana unachohitaji ni mpangilio wa kuchemka tu, na kolamu ndefu ya polari ingeuvuruga. Ukitaka makundi ya aromatiki kwa idadi ya pete, iache gesi uende kwenye koromatografia ya kimiminika. Mbinu ya EN 12916 hupitisha dizeli ikiwa ndani ya heptani kwenye kolamu ya polari, na aromatiki za pete moja, mbili, na tatu au zaidi zinatoka kwa mafungu. Kolamu hiyo haijali mnyororo wa pembeni una urefu gani, inahesabu pete. Ndiyo sifa uliyokuwa unaitafuta kwenye gesi bila kuipata.

Na ukitaka kweli kuona ndani ya kilima, njia ni koromatografia ya gesi ya vipimo viwili, iliyoanzishwa na Zaiyou Liu na John Phillips mwaka 1991. Kolamu ya kwanza ya methaili hupanga kwa kuchemka. Kila sekunde chache kinachotoka kinanaswa na kudungwa kwenye kolamu ya pili fupi mno, kama mita moja au mbili, yenye awamu ya polari. Alkani zinajipanga mstari wa chini, naftini juu yake, kisha aromatiki za pete moja, kisha za pete mbili, kila familia kwenye ukanda wake. Chombo hicho ni ghali na kinahitaji mtu wa kukikalia, lakini nakitaja kwa sababu kanuni yake ndiyo inayotakiwa hata kwa mwenye kolamu mbili za kawaida: awamu ya pili lazima ibague kwa kitu ambacho ya kwanza haikukigusa. Kununua methaili tupu kwa ajili ya kusaidiana na hiyo yako ya asilimia 5 ya fenaili, kwa urefu uleule, ni kununua kitu kilekile mara mbili.

Kabla hujalipa, jaribu mambo mawili kwenye kolamu uliyonayo. Kwanza punguza sampuli. Kolamu ya 0.25 mm na 0.25 µm hubeba takriban nanogramu 50 hadi 100 za kitu kimoja. Petroli isiyochanganywa na kiyeyushi, ikidungwa kwa mgawanyo mdogo, yaani sehemu ndogo tu ikimwagwa kabla ya kuingia kolamu, inaipita mbali. Utaiona kwenye umbo: kilele kinapanda polepole upande wa kushoto, kinaporomoka ghafla upande wa kulia, na kinamla jirani wa mbele yake. Ongeza mgawanyo hadi 200 kwa 1 uangalie kama vilele vinarudi kuwa na pande zinazofanana. Pili, anza oveni chini kadiri inavyokubali, na uipandishe kwa nyuzi 1 au 2 kwa dakika katika nusu saa ya kwanza. Msongamano wa mwanzoni utafunguka kwa sehemu. Zaileni hazitasogea, na hapo utajua kwa macho yako lipi ni la awamu na lipi lilikuwa la uendeshaji.

Ningekuwa mahali pako, uamuzi ungekuwa hivi. Kama ripoti yako inadai benzeni, tolueni na zaileni moja moja, na nafta nzima si lazima, nunua polietilini glaikoli ya mita 60, 0.25 mm, utando wa 0.25 µm, kwa sababu mita 100 za methaili hazitakutenganishia meta na para. Kama inadai jedwali zima la petroli, nunua ya mita 100 yenye utando wa 0.5 µm, pamoja na kolamu fupi ya fenaili ya kuikata, na uhakikishe kwanza kwamba oveni yako inaweza kupozwa hadi nyuzi sifuri, maana nyingi zinataka kaboni dioksidi au nitrojeni ya kimiminika kwa kazi hiyo. Bajeti ikiruhusu mbili, chukua zote mbili hizo na uiache ile ya mita 30 iwe ya dizeli. Gesi ya kubebea ikiwa hidrojeni, mita 100 zitakwenda kwa kasi nzuri kuliko heliamu, mradi uweke kihisio cha uvujaji ndani ya oveni.

Siku kolamu mpya inafungwa, usianze na sampuli ya mteja. Dunga methani upate muda wa kitu kisichoshikwa, kisha n-alkani kutoka C5 hadi C15, kisha jozi ile iliyokufanya uinunue. Andika muda wa kila kilele, upana wake katikati ya kimo, shinikizo na programu ya oveni, uihifadhi koromatogramu hiyo pamoja na namba ya kolamu. Irudie kila mwezi, na kila ukikata ncha ya mbele ya kolamu. Jozi yako ikianza kusogeleana wakati n-alkani hazijasogea, jua ni awamu inayobadilika, na kukata zaidi hakutasaidia.